Wazee wa Mombasa waingie kwenye bajeti, leso zimetosha

Msimu wa siasa ukikaribia hapa Mombasa wazee ndio wa kwanza kukumbukwa. Bibi zetu wanagaiwa leso na pakiti ya unga, mababu wanakalishwa viti vya mbele wapigwe picha na mheshimiwa, dua inaombwa, halafu wanaambiwa wakazungumze na vijana wapige kura kwa amani. Kura zikishahesabiwa basi, kimya mpaka miaka mitano mingine. Hili jambo linanikera na linaniuma, na maoni yangu ni haya: kura peke yake haitoshi, wazee wetu waingie pale pesa inapogawanywa, yaani kwenye bajeti ya kaunti, na sisi watoto na wajukuu ndio wa kuwashika mkono tuwafikishe.

Maana tukisema kweli, nani anaihitaji kaunti kuliko mzee? Dispensari ni ya kaunti, taa za mtaani, soko, mitaro inayofurika mvua ya masika ikinyesha, vyote hivyo viko mikononi mwa kaunti. Kijana akikosa dawa dispensari ya mtaani kwao atapanda tuktuk aende kwengine. Mama wa miaka 74 mwenye presha na sukari akikosa dawa pale karibu anarudi nyumbani anajilaza, ananyamaza nayo, mpaka siku ile azidiwe ndio watu wakimbizane naye hospitali ya Coast General usiku.

Na wala hatuombi hisani. Katiba ya 2010 kifungu cha 57 inaitaka serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na wanapata matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali pia, na mzee kwa hesabu ya Katiba ni yeyote aliyetimiza miaka 60. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu milioni 2.7 wa umri huo Kenya nzima, si watu wachache hao. Halafu kuna kitu ambacho wengi hawajakisikia, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inataka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi ambalo mwenyekiti wake ni gavana, na kati ya watu wa nje wanaotakiwa kukaa mle wametajwa wawakilishi wa wazee, wametajwa kabisa kwenye sheria, pamoja na wanawake, walemavu, wafanyabiashara na watu wa dini. Kwa hivyo swali la kwanza ambalo ningependa kila baraza la kahawa mjini humu limpelekee MCA wake, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, ni hili, nani anatuwakilisha sisi wazee mle ndani, alipendekezwa na kikundi gani, na lini atakuja atuambie kulizungumzwa nini?

Niliwahi kukaa kwenye mkutano mmoja wa kukusanya maoni ya bajeti, ukumbi na wadi naviacha. Watu waligaiwa makaratasi ya Kiingereza, kurasa kwa kurasa za hesabu, herufi ndogo mpaka vijana walikuwa wanakunja uso wakisoma. Wazee walikuwepo, tena wengi, wameletwa na mzee wa mtaa wakapangwa nyuma kwenye joto karibu na mlango na feni ziko mbele. Kipaza sauti kikazunguka kwa vikundi vya vijana, kwa wenye biashara, kwa kina mama wa vyama, saa zinakwenda na adhuhuri inakaribia na hakuna aliyekigeuza kule nyuma. Mzee mmoja mvuvi, bakora mkononi, akasimama bila kuitwa akauliza kwa sauti, "Hii pesa ya dispensari muloandika hapa, ni ya dawa ama ni ya ukuta?" Ukumbi ukanyamaza. Pale mbele wakaanza kupekua makaratasi, wakanong'onezana, wakapekua tena, mwisho ikabidi wajibu kwamba ni ya ukuta na geti. Basi hapo ndipo mkutano wenyewe ulipoanza, kila mtu akawa anatafuta wadi yake kwenye zile karatasi aone ukuta uko wapi na dawa ziko wapi, watu wakawa wanaulizana mstari kwa mstari. Na yule mzee Kiingereza hasomi, lakini foleni ya ile dispensari anaijua miaka yote, anajua kinachokosekana ni nini.

Huo ndio ujuzi tunaoukosa tukiwaacha nyumbani. Mombasa hii mtu anaweza kuwa na nyumba yake miaka 40 na ardhi iliyo chini yake si yake, analipa kodi ya kiwanja, na wanaokumbuka ile kodi ilikuwa ikilipwa kwa nani, mtaro ulipita wapi kabla haujajengewa, uwanja wa skuli uliishia kwenye mwembe gani, ni wao. Siku wakiondoka wanaondoka na ushahidi.

Kuna watu watasema siasa sasa ni ya vijana, wazee wapumzike. Mimi sikubali. Juni 2024 vijana walipoukataa ule Mswada wa Fedha mpaka Rais akasema hatausaini, kilichowapa nguvu kabla ya barabarani ni kwamba waliusoma, wakaupasua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za watu wao na kuusambaza kwenye simu. Kazi ileile ifanyeni nyumbani. Chukua ile bajeti ya kaunti, tafuta kurasa za wadi yenu tu usijichoshe na kitabu kizima, zisome kwa Kiswahili mbele ya bibi na babu na majirani zao baada ya alasiri pale barazani, uwaache wazungumze na wewe uandike. Mukiwa na karatasi moja yenye mambo mawili matatu yaliyoandikwa vizuri na majina na sahihi za wazee 30 hapo chini, hata yule ambaye miguu haimbebi mpaka ukumbini sauti yake imefika, kwa sababu maoni ya maandishi yanapokewa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa kaunti kwa maandishi.

Tarehe ziwekeni akilini kwa sababu wengi wanakuja kulalamika pesa imeshapangwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha, ule unaoamua afya ipate ngapi na barabara ngapi, unafika kufikia tarehe 28 Februari, kwa hivyo Januari na mwanzo wa Februari ndio wakati wa kusukumana. Makadirio ya bajeti yenyewe ni kufikia tarehe 30 Aprili, Mei kamati ya bunge inasikiliza watu, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Ukija Juni na habari ya dawa umechelewa.

Na kama hamuambiwi kitu, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Hii naipenda kwa sababu imemfikiria mzee, inaruhusu uandike kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika au asiyeweza kwa ulemavu afisa anatakiwa amsaidie kuliandika ombi lake. Jibu litoke ndani ya siku 21. Wakikunyima au wakikaa kimya unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale watu wanawaita Ombudsman, na kulalamika kule hakulipishwi.

Sasa nije kwenye la tumbo, maana mzee mwenye njaa humwambii habari za mkutano. Pesa ya Inua Jamii ya wazee wa miaka 70 kwenda juu ilianza 2018 na ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na ikichelewa, na inachelewa, miezi inalundikana na duka la mangi ndio linalombeba mzee kwa deni. Kwa maoni yangu 2,000 ni ndogo mno kwa bei za sasa na inafaa wabunge wetu wote sita wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu wabanwe juu ya hilo, kwa sababu hii ni pesa ya serikali kuu, MCA utamuonea bure. Lakini kwa sasa kama mzazi wako ametimiza 70 na hajaingizwa, nenda kwa chifu au ofisi ya maendeleo ya jamii na kitambulisho chake, ulizia lini usajili unafunguliwa na jina liandikwe. Malalamiko yana namba ya bure 1533. Na kama mzee amelala kitandani, uliza kuhusu kuandikisha mtu wa kumchukulia, awe mtu wa nyumbani anayemtunza kweli, si jirani mwenye maneno matamu, nimeona mama mmoja akiliwa nusu ya pesa yake kwa miaka kwa kumuamini mtu.

SHA nayo, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kujisajili unaweza kwa *147# kwenye simu yoyote, hata ile ya tochi. Wazee wengi wanafikiri kama hawana mchango basi hawana haja ya kujisajili, kumbe matibabu ya msingi ya dispensari na vituo vya afya mtu aliyesajiliwa anatakiwa apate bila kulipa, mchango unahitajika akilazwa hospitali kubwa. Kwa hivyo sajilini kwanza, habari ya kulipa mwaka mzima kwa pamoja mtaipanga kama familia, na hilo la kulipa mwaka kwa mkupuo ndio mojawapo ya mambo wazee wangeyapigia kelele.

Mwisho kura, maana 10 Agosti 2027 haiko mbali. Wazee wengi wamehamishwa na watoto, aliyekuwa Mji wa Kale sasa yuko Kisauni au Miritini na jina lake bado liko skuli ya zamani, siku ya kura nani atamvusha mpaka kisiwani kwenye ile foleni ya magari? Mhamisheni kituo mapema kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge mnaloishi. Vidole pia vinasumbua, mtu aliyesuka makuti au kupara samaki maisha yake yote alama zimefutika, mashine inakataa mara ya kwanza na ya pili na mzee anaona haya anataka kuondoka. Asiondoke. Kidole kukataa hakumuondolei haki ya kupiga kura kama jina lake limo kwenye daftari, akae pale amuombe msimamizi wa kituo atumie njia nyengine ya kumtambua. Asiyeona au asiyeweza kushika kalamu anaruhusiwa kuingia na mtu aliyemchagua mwenyewe, awe ametimiza miaka 18, na mtu huyo haruhusiwi kumsaidia mwengine tena siku hiyo, kwa hivyo ukiona kijana mmoja wa mwanasiasa anaingiza bibi wa tatu, piga kelele hapohapo mbele ya maajenti. Na mzee asisimamishwe foleni, mwambieni karani ampitishe mbele. Kitambulisho kiwe cha asili, kopi hawaichukui, na kama kimepotea anzeni kukitafuta sasa.