Kiwanja Juu ya Farasi wa Bryullov

Mwenzangu wa chumba hapa Moscow, Mdigo wa Tanga, anakusanya stempu. Mimi nakusanya postikadi. Balaa lilianzia hapo, maana stempu aliyoitamani ilikuwa mgongoni mwa kadi yangu.

Kadi niliinunua soko la Izmailovo: mchoro wa Karl Bryullov wa mwaka 1832, binti aliyekaa upande juu ya farasi mweusi anayeinua miguu ya mbele, shela inapepea, katoto kanamtazama kutoka barazani, na mbwa chini. Mchoro halisi, karibu mita 3 kwenda juu, uko Jumba la Tretyakov, makumbusho ya sanaa hapa Moscow. Kadi yangu ni sentimita 9 kwa 14. Ni ya zamani kweli: jina la mchoraji linaishia na herufi ъ, ambayo Warusi waliifuta mwishoni mwa maneno mwaka 1918. Ukiiweka chini ya lenzi ya mara 10 unaona vitone vya rangi vimejipanga. Vitone vidogo hivyo havikai vizuri ila juu ya karatasi iliyopakwa udongo mweupe uliochanganywa na gundi. Ukumbuke huo udongo.

Stempu nayo ni ya kopeki 3, toleo la 1913, Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Alexander III na ndevu zake. Muhuri umegongwa nusu kwenye stempu, nusu kwenye kadi, kwa hiyo ukivitenganisha vyote viwili vinashuka bei. Nilimwambia. Akaitikia, "Sawa kaka," sauti ile ya mtu asiyesikia.

Stempu ya bahasha unaikata na kipande chake cha karatasi, unakiweka kielee kwenye maji ya vuguvugu, baada ya dakika 20 hivi inajiachia. Yeye alizamisha kadi nzima kwenye beseni. Kadi ni tabaka za karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Pembe zikaanza kufunguka. Salamu zilikuwa za penseli ya kopia, ile inayoonekana kijivu ikiwa kavu, na ikilowa inakuwa zambarau. Beseni likawa sharubati. Tsar akaibuka mzima, hata ndevu hazikuguswa.

Kadi iliyolowa inalazwa uso juu, chini yake karatasi ya kufyonza, na kama lazima uikandamize, usoni unaweka karatasi ya kuokea isiyonata. Ustadhi akaifunika na gazeti la Dar ambalo mamake alifungia pweza mkavu, akalaza juu yake kamusi ya Kirusi usiku kucha. Ule udongo ukilowa unanata. Na wino wa gazeti haukauki kabisa, una mafuta.

Asubuhi alipobandua, uso wa katoto ulibaki gazetini. Farasi, kutoka kifuani hadi mkiani, ameandikwa kinyumenyume KIWANJA KINAUZWA MBAGALA. Kwenye mchoro halisi, kola ya mbwa ina jina la Bibi Samoylova, aliyeagiza kazi hiyo. Mbwa wangu amevaa nusu ya namba ya simu ya dalali.

"Kaka, ukitumia kioo inasomeka," akanifariji.

Tukaipeleka kwa mzee aliyeniuzia. Akainusa. Akaweka lenzi. Akaomba kioo kwa jirani yake, akasoma herufi moja moja, kisha akauliza ni maneno gani hayo. Mwenzangu akamfasiria bila haya: eneo, mji, kinauzwa.

Mzee akavua miwani.

"Kina hati?"