Dingdong za Mafinga: tatizo ni mashine au malipo?

Ukipita Mafinga, mkoani Iringa, unaona mbao zimepangwa kando ya barabara mpaka macho yanachoka, na nyingi zimechanwa na dingdong, ule msumeno wa duara unaoendeshwa na injini ya dizeli, unavutwa na trekta mpaka shambani. Watu wa misitu wamesema sana tuachane nazo tuhamie bandsoo, ule msumeno wa mkanda wenye bleidi nyembamba.

Wana hoja, tena nzito. Bleidi ya dingdong ni nene, kila ikipita inakula mti, sehemu kubwa ya gogo inaishia vumbi na mabanzi, yani msindano umeupalilia na kuulinda na moto miaka yote hiyo afu unaumwaga chini, inauma jamani. Bandsoo gogo lilelile linatoa mbao nyingi na zimenyooka.

Ila mwenye heka 2 za miti huko mlimani atasombaje magogo mpaka mjini, masika barabara ni tope tupu? Dingdong inamfuata alipo, ikiharibika fundi wa hapohapo anachomelea kazi inaendelea. Ukiipiga marufuku kesho, atakayebaki kwenye biashara ni mwenye mtaji.

Na tukumbuke tulikotoka. Wazee walichana kwa shimo, gogo juu, mmoja kasimama juu yake na mwenzake yuko chini shimoni, msumeno mrefu unapanda unashuka, wa chini anakula unga wa mbao kutwa nzima. Kwa shamba la miti la serikali kama Sao Hill, lililoanza na majaribio 1939 na leo ni zaidi ya hekta 135,000, shimo lisingeweza.

Mimi kinachoniumiza ni vidole. Mjomba wangu alikuwa analisha gogo kwenye dingdong, kipande cha banzi kikakwama karibu na bleidi, akakisukuma kwa mkono, maana wanalipwa kwa idadi ya mbao na kuzima injini ni kupoteza hela. Viwili vikaenda. Tajiri akampa nauli ya hospitali, na mchana uleule kasimama mtu mwingine pale mezani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kupokea michango 2015, lakini mwajiri ndo anatakiwa kuchangia na kutoa taarifa ya ajali, sasa kibarua asiye na mkataba, jina lake liko kwenye daftari la kuhesabia mbao tu, nani atamtolea taarifa?

Kwa hiyo bandsoo ikija na malipo yaleyale, mikono itaendelea kukatika. Mi naona dingdong zipewe miaka ya kuondoka taratibu, ila hili la vibarua lianze sasa hivi, TFS, wakala wa misitu wa serikali, wakitoa mgao wa kuvuna wadai orodha ya vibarua na risiti ya mfuko. Mashamba ya watu binafsi pa kubana ni kwenye TP, kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, maana lori la mbao halipiti geti la maliasili bila hiyo karatasi.