Tunangoja Maji Yatoke

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, ni mimi. Yule "Mpwani aliyelingoja ziwa likupwe" mnayemsikia kwenye sauti inayozunguka wasapu ndiye mwenzenu huyu. Aliyeisambaza ni jirani yangu wa Kansanga, Mtanga, tena ameyatia chumvi maji baridi: eti nilivaa kanzu nikaliombea dua ziwa. Kanzu sikuvaa.

Jumapili ilikuwa zamu ya Entebbe. Tangu tuhamie Kampala, ukingo wa kaskazini wa Ziwa Viktoria tunauzunguka kipande kwa kipande: Ggaba, Munyonyo, hata Jinja tumefika. Safari hii tulikuwa na mama mkwe, amekuja kutoka Mombasa kwa wiki mbili, nami nikataka aone kwamba binti yake hakuolewa na mjinga. Mwalo wenyewe, yaani ufuko wa wavuvi, siutaji, maana ngege wa pale, ndio sato, ni watamu na lazima nirudi.

Mchanga wa pale ni mwongo. Juu mkavu kama unga, ukichimba kiganja kimoja tu unakuta tope jeusi. Gari langu ni Toyota Wish, linavutwa na magurudumu ya mbele, na mimi nikalitanguliza hayo hayo hadi hatua nne kutoka majini, ili mama apate upepo. Upepo aliupata. Nilipotaka kurudi nyuma, tairi zikazungukia palepale. Nikakanyaga mafuta zaidi, na hapo ndipo watu wote hukosea: zikajichimbia mpaka bampa ikalala mchangani.

Dawa naijua. Unazima, unapunguza upepo wa tairi kutoka 32 hadi 18 hivi, unafukua mbele na nyuma ya kila gurudumu, unatandika mikeka ya gari, unarudi polepole bila pupa. Dakika ishirini umetoka. Bahati mbaya nilikuwa najua na jambo jingine.

"Msihangaike," nikasema. "Juzi mwezi ulikuwa mpevu, hii ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku ya mwezi mpevu maji hujaa saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi yameshakupwa. Kila siku yanachelewa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo leo, kuelekea saa sita, hapa patakuwa pakavu mpaka kule kwenye mitumbwi."

Watoto walinitazama kama profesa. Nikachomeka kijiti pale maji yanapoishia, nikakunja suruali, nikasimama kando ya magugu, mikono kiunoni. Saa tano kasorobo.

Dakika kumi. Kijiti kimelowa. Nikasema ni wimbi tu.

Dakika ishirini. Maji yamekipita kijiti shubiri nzima. Mama mkwe akateremsha kioo. "Baba Zuhura, kwani huku maji yanakupwa kuja juu?"

Nikajifanya sikusikia. Vijana wakaja kukaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, wamejipanga kama wako uwanjani. Mama mmoja aliyekuwa anageuza mukene, dagaa wa huku, kwenye chandarua akaacha kugeuza. Ndipo mzee mmoja mvuvi akanijia na wavu begani.

"Ssebo, mnangoja nani?"

"Tunangoja maji yatoke, mzee."

Akalitazama ziwa. Akaanzia kushoto, taratibu, akaenda nalo hadi kulia, kama mtu anayetafuta mlango. Kisha akanirudia mimi, kwa huruma kabisa:

"Yaende wapi?"

Jamani. Mke wangu akageukia upande wa Kenya. Kwenye mtumbwi kijana mmoja alianguka, kweli, akaanguka chini. Mzee hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akanishika bega: "Ukitaka yashuke, piga simu Jinja wafungue bwawa."

Mnaocheka, subirini kidogo, maana nimeshasoma. Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya bahari, na kupwa kwake ni kwa sentimita chache tu, jicho halioni. Linapanda na kushuka kwa mvua na kwa maji yanayoachiwa pale Jinja, tena kwa miezi, si kwa saa. Mwaka 2020 lilipanda likameza fukwe za hapohapo Entebbe. Na kilichokipita kijiti changu ni upepo: jua likipasha nchi kavu, upepo unavuma kutoka ziwani na kuyasukuma maji upande wetu huu wa kaskazini. Yaani kadiri nilivyongoja ndivyo nilivyojizamisha. Na kwenye magugu yale ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Dawa nitameza baada ya wiki sita, kwa sababu ukiiwahi, minyoo michanga haiigusi.

Mengine ni mafupi. Vijana wanane, kamba ya mtumbwi, mikeka ya gari, shilingi elfu hamsini. Nikanunua na ngege watatu kwa yule mzee, bei ya kumfunga mdomo. Haukufungika.

Kijiti msikitafute, hakipo. Mama mkwe alikichomoa mwenyewe, amekifunga kwenye leso pamoja na mukene wa kuwapelekea majirani. Basi lake la Mombasa linaondoka kesho jioni.