Nimeanza kuangalia dokumentari na daftari mkononi

Mwezi wa tano mwaka huu wa 2025 nilikodi kamera siku mbili, nikaomba rafiki yangu tripodi, nikabeba betri tatu nikashuka Kamukunji, hapa Nairobi, kwa mafundi wa jua kali. Nilikuwa naambia watu kwa kifua kabisa, naenda kushuti dokumentari. Kuna mzee pale anatengeneza masanduku ya mabati, yale ya kwenda nayo bweni, na nilikuwa nimemzoea ju napitia hapo kila nikienda Gikomba kutafuta nguo. Nikaona stori si ndiyo hii. Unaweka mzee mbele ya kamera anaongea, unashuti nyundo kidogo, unaweka muziki, imeisha.

Nilirudi na video za masaa manne. Nikakaa kwa laptopu wiki mbili nikihangaika nazo, na kitu ilitoka hapo ni ya dakika 11. Nikaonyesha dada yangu. Akaangalia kama dakika tatu hivi, akaniuliza kama kuna chai.

Sikumjibu, lakini usiku nikaifungua tena nikaanza kuhesabu. Shoti 19. Kati ya hizo, 12 ni mzee ameketi anaongea, upande ule ule, kichwa na mabega. Nne ni nyundo. Mbili ni matatu zikipita Landhies Road, hizo nilishuti tu nikingoja mzee amalizane na kastoma, na moja ni jua likizama, sijui hata lilikuwa linatafuta nini mle ndani. Hakuna mahali bati linaanza likiwa bati na kuishia likiwa sanduku. Yaani unaeza angalia video nzima ya fundi wa masanduku na usijue sanduku linatengenezwa aje.

Sasa ukiingia mtandaoni kutafuta msaada, utaambiwa shida ni kamera. Nunua lenzi hii, nunua droni, nunua taa. Mimi naona hiyo ni biashara ya watu, na sina ubaya nayo, lakini droni ingenifanyia nini Kamukunji, nipige paa za mabati nirudi nyumbani? Shida yangu haikuwa kamera. Nilienda kushuti kabla sijajua dokumentari inajengwa na nini, na nimeangalia dokumentari maisha yangu yote! Lakini nilikuwa naziangalia vile unakula ugali kwa watu, umeshiba, umeshukuru, hujui maji yalikuwa kiasi gani.

Kwa hivyo nikachukua daftari ya shule, ile ya kurasa 96, nikachora mistari kwa karatasi. Upande mmoja naandika dakika, unaofuata naandika naona nini, halafu nasikia nini, halafu wa mwisho ndio mgumu, hii shoti iko hapa kwa nini. Naweka dokumentari ya mtu mwingine, naangalia sekunde kumi, nasimamisha, naandika. Dakika tano za kwanza zilinila karibu masaa matatu na bando ikaisha. Inachosha, sitakudanganya, na mara ya kwanza utaona ni ujinga.

Kitu ya pili nilifanya ni kuzima sauti. Nilikuwa nimesoma vile Honeyland ilitengenezwa, ile ya mwaka wa 2019 ya mama anayefuga nyuki milimani kule Masedonia Kaskazini. Wahusika wanaongea aina ya Kituruki ambayo waliokuwa wanaediti hawakuielewa, basi wakaanza kuipanga stori kwa picha kwanza, maneno yakaja baadaye. Nikasema wacha nijaribu hiyo kwa yangu. Nikazima sauti ya video ya mzee. Ikawa ni mtu anafungua mdomo na kuufunga dakika nane. Ukizima sauti ya dokumentari nzuri bado unajua nani anamtaka nani, nani amechoka, nani ana njaa, pesa imeisha au bado. Hapo ndio nilielewa intavyuu si dokumentari, intavyuu ni gundi, na mimi nilikuwa nimeleta gundi bila mbao.

Na hiyo Honeyland, wale watu walishuti miaka mitatu, zaidi ya masaa 400, halafu filamu yenyewe haifiki hata saa moja na nusu. Piga hesabu, kila dakika moja unayoiona, zaidi ya dakika 260 ziliachwa nje. Mimi na masaa yangu manne nilikuwa nataka kutoa dakika 11. Afadhali hata mtu wa harusi.

Kuna kitu ingine niligundua nikijaza ile safu ya mwisho ya daftari, na ndiyo imenifanya niandike hii. Mwanzo nilikuwa naandika vitu kama "shoti pana", "shoti ya karibu", "kamera iko chini". Ni sawa, inasaidia, unajifunza kwamba kazi ya mikono inataka angalau mikono, uso, kitu chenyewe, na mahali penyewe, na kwamba unashikilia kila shoti sekunde kumi hata kama unaona imetosha, ju ukifika kwa laptopu ndio utajua haijatosha. Lakini baada ya filamu ya pili nikaanza kujiuliza maswali tofauti. Huyu mwenye kamera alikuwa amesimama wapi? Alifika saa ngapi? Na nani alimkubalia kuwa hapo? Hilo la tatu ndilo linauma.

Chukua Softie ya Sam Soko, ile ya mwanaharakati Boniface Mwangi, ilitoka 2020 ikapewa tuzo ya uhariri kwa tamasha la filamu la Sundance kule Marekani. Watu wanaikumbuka kwa maandamano na kampeni ya ubunge Starehe 2017, na ukiwa mgeni utafikiri ukitaka kuiga kitu kwa hiyo filamu ni vile wanashuti tiagasi. Hapana. Angalia zile za nyumbani, bwana na bibi wanapovutana kuhusu nchi na familia, nani anakuja kwanza. Hakuna lenzi ya kukuingiza pale. Pale unaingia ju umekuja mara nyingi mpaka watu wamechoka kukukaribisha rasmi, wanaendelea na maisha yao. Mimi mzee nilimpa siku mbili. Mchana kuna mama alikuwa anamletea chakula kwa bakuli la plastiki, wanakaa kando wanaongea kwa sauti ya chini, na unajua nilifanya nini? Nilizima kamera nisimalize betri.

Ama Thank You for the Rain ya 2017. Kisilu Musya ni mkulima wa Kitui, na Julia Dahr kutoka Norway akampa kamera yake mwenyewe, kwa hivyo sehemu ya filamu ni yeye anajishuti na familia yake, shamba, ukame, mafuriko. Hapo kuna somo la mpango hata kama huna pesa. Kuna vitu havitawahi kutokea wewe ukiwa, ju vinatokea usiku, ama vinatokea Jumanne na wewe Jumanne uko kazini. Basi mwachie aliye pale kitu cha kushuti nacho. Kijana anayejifunza kazi kwa mzee ana simu inashuti vizuri kuliko kamera niliyokodi, na sikuwahi kufikiria kumwambia.

Halafu The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King. Mjukuu anatoka mjini kurudi kwao Pwani ju nyanyake ameitwa mchawi. Unaona vile umeshikwa tayari? Umepewa swali na umepewa mtu wa kutembea naye kulitafuta jibu. Yangu haikuwa na swali. Ilikuwa "mzee anatengeneza masanduku", na hiyo ni kama kusema "mvua ni maji".

Na swali lilikuwepo! Niliposikiliza upya zile intavyuu, kwa dakika ya 40 na kitu ya klipu ya tatu mzee anasema hivi, bila hata kubadilisha sauti, "Kijana wangu, Januari hii hakukuwa na Form One." Mimi kwa sauti ya nyuma nasikika nikisema "eeh eeh" halafu namuuliza alianza kazi mwaka gani. Aki. Darasa la mwisho la KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, lilifanya 2023, wakaingia Form One Januari 2024, na 2025 hakukuwa na kundi jipya la sekondari kwa sababu wenzao wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 9. Kwa wazazi hiyo ni habari ya elimu. Kwa fundi wa masanduku ni msimu umepotea, ju masanduku yake yote anategemea kuyauza hizo wiki chache za Januari. Halafu Januari 2026 wa kwanza wa Gredi ya 10 wanaingia, na hajui kama watanunua masanduku au wataenda na suti kesi. Stori nzima hiyo, na mimi nilikuwa nashuti jua likizama.

Wacha niseme kidogo kuhusu sauti kabla nisahau, ju Kamukunji ni sauti. Nyundo mia moja kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza nilipambana na kelele, namwambia mzee aongee kwa nguvu, jirani naye anapiga bati kwa nguvu zaidi, ikawa vita. Nikiangalia hizi za wengine kwa hadifoni nikaona intavyuu nyingi zimefanywa mahali pametulia, halafu kelele ya kazini imerekodiwa peke yake, na mara nyingi sauti ya mahali inatangulia, unasikia nyundo sekunde mbili kabla hujaiona. Kwa hivyo sasa mpango ni mzee aongee saa kumi na mbili unusu asubuhi kabla wenzake hawajafungua, halafu nirekodi nusu dakika ya hapo pakiwa kimya, na nyundo nizichukue baadaye, karibu kabisa, maiki ikiwa hatua mbili kutoka kile kipande cha reli anachopigia.

Na hii nyingine ndogo lakini ilinisumbua siku nzima. Ndani ya kibanda kuna tyubu ya taa, na video zangu za ndani zote zina mistari inapanda na kushuka. Stima yetu ni hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, na mimi nilikuwa nimefuata video ya Mmarekani, kwao ni 60. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inafunguka kwa kila picha) ya 1/50, mistari inaisha. Bure kabisa, haihitaji kununua kitu.

Kuna mtu ameniuliza kama kumwambia mzee arudie kupiga ribiti ili nishuti kutoka upande mwingine ni udanganyifu. Hii vita ni ya zamani, Robert Flaherty alishuti Nanook of the North, dokumentari ya familia ya Wainuiti kule Kanada, ikatoka 1922, na ile nyumba ya barafu ilijengwa upande mmoja ukiwa wazi ndio kamera ipate mwanga, na mpaka leo watu wanabishana. Msimamo wangu ni kwamba ribiti arudie tu, anapiga nyingi kwa siku na hakuna anayedanganywa. Lakini nisimlete binamu yangu ajifanye mzazi anayenunua sanduku. Kama Januari hakuna atakayenunua, basi nitashuti masanduku yakiwa yamepangwa mpaka juu na mzee akiyapanguza vumbi, na hiyo itakuwa ndiyo filamu.

Kwa hivyo mpango wangu saa hii hauna jina la lenzi hata moja. Ukurasa wa kwanza ni tarehe. Novemba anaponunua mabati, nataka kuona anahesabu pesa ngapi na anakopa kwa nani, kama atanikubalia. Desemba ndio kazi nyingi, siku moja nzima ya sanduku moja kutoka kukata mpaka rangi na komeo. Januari, wiki mbili, kila siku. Ukurasa wa pili ni watu wa kuongea nao, na wa kwanza kwa hiyo orodha ni yule mama wa bakuli, ambaye nimejua juzi kwamba si bibi yake, ni dadake, na ndiye anashika pesa za hiyo biashara yote.

Nimejua ju nilienda Jumamosi bila kamera. Nilikaa juu ya mtungi wa rangi uliopinduliwa kutoka saa mbili mpaka saa nane. Mzee aliniangalia mara mbili tatu, akauliza ile mashine iko wapi leo. Nikamwambia nimeiacha. Akasema basi shika hapa, akanipa upande mmoja wa bati nimshikilie akikata, na nikaona kitu sikuwa nimeona siku zote mbili za kushuti, kwamba hapimi kwa futi. Ana kijiti kimekatwa alama tatu, moja ya urefu, moja ya upana, moja ya kimo, na kijiti chenyewe kimeng'aa kwa kushikwa. Nimekiandika kwa daftari, shoti ya karibu, mwanga wa asubuhi, sekunde kumi.