Nani kasema gesi haiozi?

Wiki iliyopita nilikuwa msibani Mikindani. Tumeshazika, wanaume tumekaa mkekani chini ya mwembe na kahawa zetu, maongezi yakaangukia kwenye gesi kama kawaida ya huku kwetu. Kijana mmoja aliyetoka Dar akasema, "Wazee wangu, haraka ya nini? Gesi haiozi. Ipo tu chini ya bahari, itachimbwa." Wazee wakanyamaza. Mimi nilishindwa kunyamaza, na hasira haijaniisha mpaka leo.

Gesi haiozi, sawa. Inayooza ni nafasi ya kuiuza. Gesi inayopozwa sana hadi ikawa kimiminika na kupakiwa melini kwenda Asia, mikataba yake mingi ya muda mrefu hupanga bei kwa kufuata mafuta ghafi. Pipa likishuka, gesi yetu inapungua thamani ikiwa bado iko chini ya mwamba, na mwekezaji anafunga daftari.

Haya si mageni kwetu. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, bei ya mafuta ndiyo kwanza imepanda karibu mara nne. Waliochimba walikuwa wanatafuta mafuta. Walipokuta gesi waliona haitawalipa, wakaenda zao. Ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, ikafuata 1982, na 1986 bei ya pipa ikaporomoka. Gesi ya Songo Songo imefika Dar mwaka 2004. Mtoto aliyezaliwa Kilwa mwaka ule wa ugunduzi alikuwa na miaka thelathini, pengine na watoto wake.

Ikaja zamu yetu. Kuanzia 2011 hadi katikati ya 2014 pipa lilikuwa likiuzwa zaidi ya dola 100, na visima vya bahari kuu vikaitikia. Mtwara ikajaa wageni, viwanja vikapanda bei kila ukiamka. Mjomba wangu akauza shamba lake la mikorosho Naliendele, akaanza kujenga gesti. Januari 2016 pipa lilikuwa chini ya dola 30. Wageni waliondoka yeye akiwa amefika kwenye lenta. Nondo bado zimesimama pale, zimepiga kutu, na mama mdogo anazitumia kufungia kamba ya kuanikia nguo. Na korosho zilipopanda msimu wa 2016 na wa 2017, ile mikorosho ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwaka 2021 Equinor, kampuni ya mafuta ya Norway, wakafuta dola milioni 982 za thamani kwenye vitabu vyao kwa ajili ya mradi wetu wa Lindi, ule wa kugeuza gesi ya bahari kuu kuwa kimiminika. Mwaka uliofuata vita vya Ukraine vikalipeleka pipa juu ya dola 120, na Juni tukasaini makubaliano ya awali ya mradi huo kule Dodoma. Mei 2023 tukaambiwa mazungumzo yamekamilika. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza tunausubiri hadi leo, wakati ng'ambo ya Ruvuma meli ya kwanza ya gesi ya Coral Sul, mtambo wa Msumbiji unaoelea baharini, iliondoka Novemba 2022.

Najua, Msumbiji si wa kuwaonea wivu. Waliokimbia mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo, wengine walivukia kwetu, tumewaona kwa macho. Na nakubali kwamba mkataba wa pupa ni mbaya, na kwamba gesi inayosafishwa Madimba, hapa Mtwara, inasaidia kuwasha taa za nchi tangu bomba la kwenda Dar likamilike 2015.

Lakini bei hatuipangi sisi, wala hatutaipanga kamwe. Tunachopanga ni kazi ya ile miaka ya bei ndogo: kumaliza sheria, kufunga hoja za kodi, kuwapeleka vijana wa Lindi na Mtwara wakajifunze kuchomelea mabomba, ili bei ikipanda tukutwe na kalamu mkononi. Sisi tunaanza kujadiliana bei ikipanda, tunamaliza imeshashuka. Na watu wa Likong'o, kule Lindi, waliopisha mradi wana haki ya kuambiwa mwaka na mwezi, wajue kama wapande mikorosho au wasipande.

Nilimwambia yule kijana yote haya. Mjomba alikuwa palepale mkekani, ameshika kikombe chake. Hakusema neno.