Jicho la Laptopu Yangu

Kwanza ieleweke kwamba nilikuwa na taulo. Dogo, limeisha manyoya, lakini taulo. Nimetoka kuoga, nikaona nichungulie mara moja tu kama barua pepe ya bosi imeingia. Nikafungua laptopu, nikafungua kivinjari, na kabla sijaandika hata herufi moja, ile taa ndogo nyeupe kando ya kamera ikawaka. Sijampigia mtu. Sijapigiwa na mtu. Imewaka tu, inanitazama, na mimi naitazama, maji yananichuruzika hadi kwenye visigino.

Nikaibamiza ile laptopu, bawaba ikalia.

Usiku ule sikulala. Kilichoniuma zaidi si woga, ni swali: mtu avunje ngome za mtandao, apite kufuli zote hizo, aje kutazama kitambi changu? Basi hata mwizi wa maana sina. Lakini moyo haukukubali, maana picha niliyokuwa naiona kichwani ilikuwa na taulo.

Asubuhi nikabandika plasta ya kidonda juu ya kamera. Mke wangu akacheka. Nikamwambia acheke tu, mwaka 2016 Mark Zuckerberg alipigwa picha na nyuma yake ikaonekana laptopu iliyozibwa kamera kwa utepe, na mwaka huohuo mkuu wa FBI, James Comey, alisema hadharani kwamba na yeye anaiziba yake. Mabilionea na wapelelezi wanaziba, mimi nani? Mke wangu akasema wao angalau hawakutumia plasta yenye picha za katuni.

Saa nne kikao cha kazini. "Hatukuoni." Nikabandua plasta, gundi ikabaki kwenye lenzi. Sasa wananiona, ila bosi anauliza mbona kwangu kuna moshi. Nikasema napika.

Baada ya kikao nikaanza upelelezi rasmi. Antivirasi ikapekua mafaili yote, feni inanguruma kama inataka kupaa, mwisho ikasema haijaona kitu. Nilikaribia kuiomba iangalie tena. Mtu ukishajiandaa kuwa na adui, kuambiwa huna kunavunja moyo.

Nikaingia kwenye Mipangilio, Faragha, Kamera. Hapo Windows 11 inakupa orodha ya programu zinazoweza kutumia kamera, na ipo iliyoandikwa na saa iliyoitumia mara ya mwisho. Jamani! Programu ya kuhariri picha niliyoitumia siku moja, ina ruhusa. Mchezo wa kupanga matofali, una ruhusa. Matofali yanataka kuniona ya nini? Na aliyeyapa ruhusa ni nani? Ni mimi. Kila kilipochomoza kisanduku cha kuuliza, nilibofya "Ruhusu" kama mtu anayefukuza nzi.

Chini kidogo nikaona: kivinjari, jana, 8:40 PM. Damu ikaganda. Saa nane na dakika arobaini usiku! Saa nane usiku mimi nilikuwa kitandani!

"Mke wangu, njoo uone wachawi."

Akainama, akasoma, akaninyanyulia uso wa huruma. "Baba, hizo ni saa za kizungu. Hiyo ni saa mbili usiku. Ulikuwa unatoka bafuni."

Nikanyamaza kidogo. Kumbe mchawi nilikuwa mimi na taulo langu. Katikati ya kurasa 41 nilizoziacha wazi kwenye kivinjari (msinihukumu, nyingine ni za muhimu) kulikuwa na ukurasa wa kikao cha wiki iliyopita. Niliupa ruhusa ya kudumu, na kivinjari kila kikifunguka kinazirudisha kurasa zote, nao ukiamka unawasha kamera ili nijitazame kabla ya kuingia. Kikao kilishakwisha, watu wamesambaa, wenyewe bado unaniandaa. Nikaufunga, nikabofya alama iliyo kando ya anwani, nikaufutia ruhusa. Kwa hasira nikarudi kwenye Mipangilio, nikazima ile swichi kubwa ya juu inayokata kamera kwa wote. Matofali nayo yakome.

Nikalala kama mtoto. Saa tisa usiku nikaenda kunywa maji, nikaikuta laptopu mezani, wazi. Inakonyeza. Safari hii si taa nyeupe, ni nyekundu, hafifu, inawaka na kuzimika.

Nilipiga ukelele, na sitajitetea.

Mwanangu akatoka chumbani akipangusa macho. Nikamweleza kwamba mwizi amerudi na amebadilisha rangi. Akaniambia, "Baba, mwizi wa kamera anayejua kazi hawashi taa." Eti mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba kwenye kompyuta za Apple za kabla ya 2008, kamera iliweza kuwashwa taa yake ikabaki imezimwa. Sijui kwa nini alidhani habari hiyo ingenituliza. Tangu hapo taa ikiwaka naogopa, ikizimika naogopa zaidi.

Akanionyesha maandishi madogo kwenye ukurasa uleule wa Mipangilio: kama umewasha kuingia kwa kutambuliwa uso, huduma hiyo itatumia kamera hata ukiwa umeizima kwa programu nyingine. Ile taa nyekundu ni ya kamera ya pili, ya mwanga wa infraredi, inayotafuta uso gizani. Na nani alisajili uso? Mimi tena, siku niliyochoka kukosea namba ya siri.

Sawa. Lakini inatafuta uso wa nani saa tisa usiku? Skrini ikishajifunga hulala mpaka kitu kiguse kibodi au kipanya.

Tukazima taa ya sebuleni, tukakaa kwenye kochi, mimi na kandambili mkononi. Dakika kumi. Ishirini. Halafu juu ya meza kikapita kivuli, kikakaa, kikanyoosha mguu, kikapiga kipanya kofi. Skrini ikang'aa, jicho jekundu likaanza kutafuta, na maandishi yakamwambia paka wetu kwamba hatambuliki. Akalamba mguu. Akapiga tena.

Huduma ya uso nimeizima. Sasa naandika namba ya siri kwa kidole kimoja, polepole, nisikosee, na paka amekaa kando ya kibodi ananitazama vidole.