Mkosaji Hajisamehe Mwenyewe

Siku hizi chuo kikuu kikitaka kutubu dhuluma za zamani, kinaunda kamati ya wasomi, kinatoa ripoti nene, kinabadilisha jina la jengo, kisha mambo yanaendelea kama kawaida. Siyadharau hayo. Bila nyaraka kufunguliwa, kila kitu kitabaki kukanushwa. Ila kuna swali zito linalorukwa: nani mwenye haki ya kusema deni limelipwa?

Tutazame Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Mwaka 1838 Wajesuiti, shirika la kitawa la Kikatoliki lililokuwa likikiendesha chuo hicho, waliuza watumwa 272 kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Hati ya mauzo ipo hadi leo, ina majina na umri, mpaka wa watoto wachanga. Jina la kwanza ni Isaac. Mwaka 2017 jengo moja lilipewa jina lake, Isaac Hawkins, na wazao wa watu wale tayari walikuwa wameahidiwa kufikiriwa kwa namna ya pekee katika udahili. Ni hatua ya maana. Lakini kamati iliyopendekeza hayo ilifanya kazi bila wazao hao kuwamo, na walilalamika, kwa haki kabisa.

Mwaka 2019 wanafunzi wenyewe walipiga kura, karibu theluthi mbili wakakubali kila mmoja aongezewe ada ya dola 27.20 kwa muhula kwa ajili ya wazao hao. Uongozi haukuipitisha ada hiyo. Ulichagua kuchangisha dola 400,000 kwa mwaka kwa hiari. Hapo nadhani ulikosea vibaya. Anayechangia kwa hiari anatoa sadaka, na sadaka huisha siku mtoaji akichoka. Deni halichoki.

Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, kilinifurahisha zaidi. Baada ya kukiri mwaka 2018 kwamba chuo kilinufaika na fedha za utumwa, mwaka uliofuata walikubaliana na Chuo Kikuu cha West Indies, cha visiwa vya Karibi walikopelekwa watumwa, mpango wa utafiti wa paundi milioni 20 kwa miaka 20. Walioumizwa wamo mezani.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kuchelewa. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa mwanaanthropolojia Archie Mafeje kazi ya uhadhiri, kisha kikaifuta kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi, kwa kuwa alikuwa Mwafrika. Miaka ya 1990 aliomba tena kufundisha pale, akakosa. Mwaka 2008 familia yake ilipoombwa radhi rasmi, Mafeje alikuwa kaburini tangu mwaka uliotangulia.

Wako wengine waliofukuzwa au kunyimwa nafasi kwa rangi, jinsia au siasa zao, na bado wanapumua. Majina yao yamo masjala. Kabla ya kuunda kamati nyingine, vyuo viwaandikie barua watu hao, viwaulize wanataka nini, na vijibu kwa maandishi.